Elimu kwa Umma: Boti Iondoke kwa Saa, Hata Ikiwa na Abiria Watano

Usafiri wa visiwani haufanani na usafiri wa barabarani. Gari la abiria likikosekana kituoni, mkaazi wa bara anaweza kupanda bodaboda, kuomba lifti au kutembea kwa miguu. Mkaazi wa kisiwani hana njia ya pili. Chombo kisipoondoka, mama mjamzito wa Kizingitini aliyepewa rufaa ya kwenda Hospitali ya King Fahd mjini Lamu hafiki. Mwalimu aliyekwenda bara kwa shughuli za familia harudi darasani Jumatatu. Samaki wa mvuvi wa Kiwayu huharibika barafu ikiwa imeyeyuka.

Nchi nyingi zenye visiwa zimekutana na tatizo hili. Baadhi zimelitafutia jibu la kisheria linaloitwa wajibu wa huduma ya umma katika usafiri. Makala haya yanaeleza wajibu huo ni nini, unafanya kazi vipi katika nchi za Ulaya ambako umetumika kwa zaidi ya miaka 30, umefaulu wapi na umekwama wapi, na sheria za Kenya zinasema nini kuhusu jambo kama hilo. Hayatangazi mpango mpya wala nauli mpya. Lengo lake ni kumwezesha mkaazi anapokwenda kwenye kikao cha kutoa maoni kuhusu bajeti aweze kuuliza maswali yanayostahili kuulizwa.

Kwa nini biashara peke yake haitoshi

Mwenye boti ni mfanyabiashara. Hununua mafuta, hulipa mabaharia, hutengeneza mashine na hulipia leseni. Akipata abiria wengi hupata faida. Akipata wachache hupata hasara. Kutokana na hali hiyo, mambo matatu hutokea karibu kila mahali penye visiwa.

La kwanza ni kusubiri kujaa. Boti haiondoki kwa saa, huondoka ikipata abiria. Anayefika mapema hungoja, na mwenye miadi hospitalini hukosa miadi yake.

La pili ni kuchagua siku. Wakati wa Maulidi au shule zinapofungwa, kila mwenye chombo hutaka kubeba. Majira ya kusi, bahari inapochafuka na wasafiri kupungua, vyombo huwa vichache, ilhali wagonjwa hawapungui.

La tatu ni kuchagua njia. Njia fupi yenye watu wengi huvutia vyombo vingi. Kisiwa cha mbali chenye kaya chache hubaki na chombo kimoja, na wakati mwingine hakibaki na chochote.

Mwenye boti hana kosa katika haya. Anafuata hesabu yake. Lakini hesabu ya jamii ni kubwa kuliko hesabu ya chombo kimoja, kwa sababu ndani yake mna afya, elimu, chakula na uwezo wa watu kuendelea kuishi kisiwani kwao. Serikali huingilia kati pale hesabu hizi mbili zinapotofautiana.

Maana ya wajibu wa huduma ya umma

Wajibu wa huduma ya umma ni masharti ambayo serikali huweka juu ya njia fulani ya usafiri ili wananchi wapate huduma ambayo mfanyabiashara hangeitoa, au hangeitoa kwa kiwango hicho, kama angeachwa afuate faida yake tu. Masharti hayo huandikwa na kutangazwa. Kwa kawaida hutaja:

- bandari, jeti au viwanja vya ndege vitakavyohudumiwa;
- idadi ya safari kwa siku au kwa wiki, na saa za kuondoka;
- kwamba huduma itaendelea mwaka mzima, msimu mzuri na msimu mbaya;
- nafasi za abiria na mizigo;
- kiwango cha juu cha nauli;
- idadi na sifa za mabaharia.

Masharti hayo yakimfanya mwendeshaji apate hasara, serikali inaweza kumlipa pengo lililopo kati ya gharama na mapato. Malipo hayo ndiyo huitwa ruzuku. Mpangilio wenyewe ni muhimu: huduma huandikwa kwanza, pengo hupimwa, kisha fedha hutolewa. Serikali ikianza na fedha kabla ya kuandika huduma, haitakuwa na kipimo cha kujua kama wananchi wamepata walicholipia.

Sheria za Ulaya zinavyosema

Umoja wa Ulaya ulipofungua usafiri wa majini kwa ushindani, ulitambua kwamba visiwa vidogo vinaweza kuachwa. Kanuni nambari 3577 ya mwaka 1992 iliruhusu kila nchi mwanachama kuweka wajibu wa huduma ya umma kwa meli zinazokwenda visiwani, zinazotoka visiwani na zinazounganisha kisiwa na kisiwa. Kanuni hiyo iliorodhesha mambo yanayoweza kudaiwa, ambayo ni yale yaliyotajwa hapo juu, na ikaweka sharti kwamba mwenye meli yeyote anayestahili asibaguliwe.

Kwa upande wa ndege, sheria inayotumika ni Kanuni nambari 1008 ya mwaka 2008. Utaratibu wake una hatua mbili. Kwanza, serikali hutangaza masharti ya njia na kuuliza kama kuna shirika lililo tayari kuyatimiza bila kulipwa. Likipatikana, hakuna fedha ya umma inayotumika. Lisipopatikana, hatua ya pili ni kutangaza zabuni, na mshindi anaweza kupewa njia hiyo peke yake kwa muda usiozidi miaka 4, au miaka 5 kwa maeneo ya mbali kabisa. Muda ukiisha, zabuni hutangazwa upya.

Kuna sababu ya kumpa mtu mmoja njia kwa muda. Tuseme mwendeshaji amekubali kusafiri kila siku, pamoja na siku zenye abiria wachache. Wengine wakiruhusiwa kuingia siku za sikukuu tu na kuondoka na abiria wote, yeye atabaki na safari tupu na pengo litakalolipwa na umma litakuwa kubwa zaidi. Lakini ruhusa hiyo ya kuwa peke yake lazima iwe na mwisho, la sivyo mwenye njia hujisahau.

Mfano wa Uskoti: ndege ya dakika mbili

Uskoti, sehemu ya kaskazini ya Uingereza, ina visiwa vingi vinavyokaliwa na watu. Katika visiwa vya Orkney kuna safari ya ndege kati ya Westray na Papa Westray inayojulikana duniani kuwa ndiyo fupi kuliko safari zote za ndege zenye ratiba. Umbali wake ni takribani kilomita 2.7, na ratiba huipa dakika 2. Ndege zinazotumika ni ndogo, za kubeba abiria wasiozidi 10, na kisiwa cha Papa Westray kina wakaazi wasiofika 100.

Kwa hesabu ya biashara, njia kama hiyo ingekuwa imefungwa zamani. Inaendelea kwa sababu Baraza la Visiwa vya Orkney, ambalo ni serikali ya mitaa inayokaribia kaunti kwa majukumu yake, limeiwekea wajibu wa huduma ya umma pamoja na njia nyingine zinazounganisha mji wa Kirkwall na visiwa vya nje. Wanaosafiri humo ni walimu, wahudumu wa afya, wagonjwa na wakaazi wenye shughuli zao za kawaida.

Mfano mwingine ni kisiwa cha Barra, upande wa magharibi. Huko ndege za abiria hutua ufukweni, juu ya mchanga, maji yakiwa yametoka. Ratiba hupangwa kwa kufuata kujaa na kupwa kwa bahari. Wakaazi wa Lamu wanaoijua Mkanda, mlango mwembamba kati ya Manda na bara, hawatashangaa kusikia kuwa chombo kinasubiri maji. Tofauti ni kwamba Barra kupwa na kujaa kumewekwa ndani ya ratiba iliyochapishwa mapema, na njia ya kutoka Glasgow iko chini ya wajibu wa huduma ya umma. Chombo kinachotegemea maji pia kinaweza kuwa na saa.

Nauli: njia mbili za kuipunguza

Uskoti imetumia njia mbili kupunguza nauli, na kila moja ina funzo lake.

Njia ya kwanza ni kumpunguzia mkaazi. Tangu mwaka 2006, wakaazi wa Orkney, Shetland, visiwa vya magharibi na maeneo machache ya bara yaliyo mbali wamekuwa wakipata punguzo la nauli ya ndege. Punguzo hilo lilianza kwa asilimia 40 na kupandishwa hadi asilimia 50 mwaka 2016. Mtalii hulipa nauli kamili. Mwenye makao kisiwani hulipa pungufu.

Njia ya pili ni kupunguza nauli ya kila mtu. Mwaka 2008 serikali ya Uskoti ilianza kwa majaribio kupanga nauli za feri kwa kulinganisha na gharama ya kusafiri umbali huo huo barabarani, pamoja na kiasi fulani kisichobadilika. Wazo lake lilikuwa kwamba bahari ni barabara ya mtu wa kisiwani, kwa hiyo asilipe zaidi ya anayopata wa bara kwa umbali kama huo. Kufikia mwaka 2015 mpango huo ulikuwa umeenea katika njia zote za feri za pwani ya magharibi.

Nauli zilishuka na wasafiri wakaongezeka. Lakini meli hazikuongezeka kwa kiasi hicho. Katika njia kadhaa, magari ya watalii yalijaza feri wakati wa kiangazi, na baadhi ya wakaazi wakakosa nafasi ya kuvuka kwa haja zao. Funzo ni kwamba nauli nafuu bila nafasi ya kutosha humwacha mkaazi jetini. Wanaopanga huduma ya namna hii wanapaswa kuamua mambo mawili kwa pamoja: bei ya tiketi, na nafasi ngapi ziwekwe kwa wakaazi na wagonjwa.

Hesabu ya pengo

Ili jambo hili lieleweke, hapa kuna mfano wa kufikirika. Tarakimu zake si za njia yoyote halisi. Zimechaguliwa ili hesabu iwe rahisi kufuata.

Boti moja ina nafasi 30. Husafiri mara 4 kwa siku, kwenda mara mbili na kurudi mara mbili, kwa siku 300 za mwaka. Hizo ni safari 1,200. Kwa wastani hubeba abiria 15 kila safari, na nauli ni Sh200.

- Mapato: abiria 15 × Sh200 × safari 1,200 = Sh3,600,000.
- Mafuta: Sh2,500 × safari 1,200 = Sh3,000,000.
- Mishahara ya mabaharia: Sh1,200,000.
- Matengenezo, bima na leseni: Sh800,000.
- Jumla ya gharama: Sh5,000,000.
- Faida ya wastani ya mwendeshaji: Sh300,000.

Mwendeshaji anahitaji Sh5,300,000 na abiria wanampa Sh3,600,000. Pengo ni Sh1,700,000 kwa mwaka, sawa na Sh94 hivi kwa kila abiria. Kama pengo hilo lingewekwa juu ya nauli, tiketi ingepanda kutoka Sh200 hadi karibu Sh295. Nauli ikipanda, baadhi ya abiria wataacha kusafiri, mapato yatashuka, na tiketi italazimika kupanda tena.

Sasa tuangalie sehemu ambayo mikataba mingi huharibika. Tuseme safari ya mwisho ya jioni ina abiria 5 tu. Mapato yake ni Sh1,000 na mafuta yake ni Sh2,500. Kila mara boti ikifanya safari hiyo, mwendeshaji hupoteza Sh1,500. Mkataba unasema safari ikikosekana atakatwa sehemu ya ruzuku ya safari moja, yaani Sh1,700,000 ikigawanywa kwa 1,200, ambayo ni kama Sh1,417.

Linganisha tarakimu hizo mbili. Akisafiri anapoteza Sh1,500. Akikaa anakatwa Sh1,417. Kukaa kunamfaidi kwa Sh83. Mkataba huo, ingawa una adhabu ndani yake, unamshawishi aache safari ya jioni, ambayo pengine ndiyo safari ya mgonjwa. Kwa hiyo makato ya safari iliyokosekana bila sababu ya hali ya bahari au usalama yanapaswa kuzidi kile mwendeshaji anachookoa kwa kutosafiri. Mkaazi hahitaji kuwa mhasibu ili aulize swali hilo.

Masharti manne ya mahakama

Ruzuku inaweza kugeuka kuwa mfuko usio na mwisho wa kampuni moja. Tarehe 24 Julai 2003 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilitoa uamuzi katika kesi ya Altmark, iliyohusu kampuni ya mabasi katika wilaya ya Stendal nchini Ujerumani. Kesi ilikuwa ya mabasi, lakini uamuzi wake umekuwa kipimo hata kwa feri na ndege. Mahakama ilitaja masharti manne ili malipo ya huduma ya umma yasihesabiwe kuwa msaada usio halali:

1. Wajibu wenyewe uwe umeandikwa wazi.
2. Njia ya kukokotoa malipo iwekwe mapema, kabla ya huduma kuanza, na iwe wazi kwa watu.
3. Malipo yasizidi pengo la gharama pamoja na faida ya wastani.
4. Kama mwendeshaji hakupatikana kwa zabuni, gharama zipimwe kwa kulinganisha na kampuni ya kawaida inayoendeshwa vizuri.

Sharti la nne lina uzito wa pekee. Bila hilo, kampuni inayotumia mafuta ovyo ingelipwa zaidi kuliko kampuni inayobana matumizi, kwa sababu pengo lake ni kubwa zaidi.

Palipokwama: chombo chenyewe

Mkataba mzuri hausafirishi mtu kama chombo ni kibovu. Uskoti ilijifunza hilo kwa gharama kubwa. Meli nyingi za feri za pwani ya magharibi ni mali ya kampuni ya serikali, na mwendeshaji hukodishiwa. Mpango huo una faida: mwendeshaji akibadilishwa, meli hubaki. Lakini una maana pia kwamba serikali ikichelewa kununua meli mpya, huduma yote hudhoofika.

Mwaka 2015 mkataba wa kujenga feri mbili mpya ulitiwa saini kwa pauni milioni 97, zikitarajiwa kukamilika mwaka 2018. Mwaka 2019 kiwanda kilifilisika na serikali ikakichukua. Feri ya kwanza, Glen Sannox, ilianza kubeba abiria Januari 2025, na gharama ilikuwa imepanda mara kadhaa. Katika miaka hiyo yote meli kuukuu ziliendelea kufanya kazi, na zilipoharibika safari zilifutwa. Wakaazi walikuwa na ratiba na nauli nafuu, lakini hawakuwa na uhakika wa chombo.

Kwa hiyo mpango wa huduma lazima useme chombo cha akiba kitatoka wapi, na matengenezo yatafanywa lini bila kukatiza safari.

Usalama hauwezi kuwekwa pembeni

Afrika Mashariki ina kumbukumbu zake chungu. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama Mombasa na watu 272 wakafariki. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, mali ya serikali ya Tanzania, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria. Kiliruhusiwa kubeba takribani abiria 100, lakini waliofariki peke yao walizidi 200.

Vivuko vyote viwili vilikuwa vya umma na vilikuwa na njia maalumu. Hilo linaonyesha kwamba huduma kuwa ya serikali hakuifanyi iwe salama. Huduma ikiwa chache kuliko mahitaji, abiria husongamana kwa sababu hawajui chombo kingine kitakuja lini. Ratiba inayoaminika ni sehemu ya usalama: anayejua kwamba boti nyingine itaondoka baada ya saa mbili hana sababu ya kujisukuma ndani ya boti iliyojaa.

Sheria za Kenya zinasema nini

Kenya haina sheria moja yenye jina la wajibu wa huduma ya umma kwa usafiri wa visiwani. Hata hivyo, vipande vyake vingi vimo tayari katika sheria zilizopo.

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inaipa serikali ya kaunti jukumu la usafiri wa kaunti, na katika orodha hiyo feri na bandari zimetajwa kwa jina, isipokuwa usimamizi wa usafiri wa meli wa kitaifa na kimataifa. Jedwali hilo hilo linaiachia serikali ya kitaifa mambo ya safari za ndege na uongozaji wa vyombo majini. Hii ina maana kwamba mkaazi anayetaka ratiba ya boti kati ya Faza na Lamu mjini ana haki ya kulipeleka suala hilo kwa kaunti. Anayetaka masharti juu ya ndege zinazotua Manda atalazimika kulielekeza kwa serikali ya kitaifa, ingawa kaunti inaweza kumuunga mkono. Usalama wa vyombo vya majini husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Majini ya Kenya.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 120, inaitaka kaunti iwe na sera ya nauli na ada za huduma zake. Inasema wanaotumia huduma watendewe kwa usawa, kaya maskini ziweze kupata angalau huduma za msingi, na kiasi cha ruzuku kiwekwe wazi. Kifungu hicho kinakaribiana sana na masharti ya Altmark.

Ununuzi wa huduma hufuata Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015, na matumizi ya fedha hufuata Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012. Kwa hiyo mkataba wowote wa kumlipa mwenye boti ungehitaji zabuni, bajeti iliyopitishwa na bunge la kaunti, na ukaguzi.

Mfano wa karibu upo Likoni, Mombasa. Watembea kwa miguu huvuka kwa feri bila malipo, na magari hulipa. Hapo umma umeamua kwamba kuvuka ni huduma ya lazima, na gharama yake inabebwa kwa njia nyingine badala ya mfuko wa mtembea kwa miguu. Tofauti ni kwamba Likoni hubeba umati kila siku. Kisiwa chenye watu wachache kinahitaji hesabu makini zaidi, kwa sababu gharama kwa kila abiria ni kubwa na kila shilingi itaulizwa.

Ni wakati gani wa kuuliza

Mwaka wa fedha wa kaunti huanza tarehe 1 Julai, lakini maamuzi hufanywa mapema zaidi. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba ya mwaka unaotangulia. Taarifa ya mkakati wa fedha hupelekwa kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Anayesubiri hadi Juni huwa amechelewa, kwani wakati huo kinachojadiliwa ni tarakimu za miradi iliyokwisha kuingizwa. Njia ya boti isiyomo katika mpango wa Septemba ni vigumu kupata fedha za Julai.

Katika kikao cha wadi, au kwa barua kwa mwakilishi wadi, mkaazi anaweza kuuliza:

1. Ni njia zipi za majini ambazo watu hawana njia nyingine ya kusafiri?
2. Kila njia inahitaji safari ngapi kwa wiki, na saa ngapi, ikizingatiwa maji kujaa na kupwa?
3. Je, kuna mwenye boti aliye tayari kutimiza ratiba hiyo bila ruzuku?
4. Kama hayupo, pengo ni kiasi gani, na limekokotolewa vipi?
5. Safari ikikosekana, makato ni kiasi gani, na nani anaandika kwamba imekosekana?
6. Boti ikiharibika, ya akiba iko wapi?
7. Wagonjwa, wanafunzi na wazee wametengewa nafasi?
8. Mkataba unaisha lini, na matokeo yake yatatangazwa wapi?

Swali la tano linaweza kusaidiwa na wakaazi wenyewe. Daftari jetini, linaloandikwa saa ambayo boti iliondoka na idadi ya abiria, ni ushahidi ambao hakuna afisa wala mwenye boti anayeweza kuupuuza. Likiandikwa kwa miezi mitatu, linaonyesha safari zipi hujaa, zipi hukosekana na katika msimu gani. Takwimu hizo ndizo zinazohitajika kupima pengo, na vikundi vya vijana, kamati za ufuo na vyama vya wenye boti vinaweza kuzikusanya bila kusubiri mradi wowote.

Maswali ya majadiliano

Maswali haya yanaweza kutumiwa shuleni, katika vikundi vya akina mama na vijana, au barazani.

1. Katika mfano wa hesabu, kama abiria wangekuwa 20 kwa wastani badala ya 15, pengo lingekuwa kiasi gani? (Jibu: mapato yangekuwa Sh4,800,000, na pengo Sh500,000.)
2. Kwa nini makato ya Sh1,417 hayatoshi kumfanya mwendeshaji asafiri jioni? Mngependekeza kiasi gani?
3. Kati ya kupunguza nauli ya wakaazi pekee na kupunguza nauli ya kila mtu, ni ipi inayofaa mahali penye watalii wengi? Toeni sababu.
4. Orodhesheni safari tatu za majini kutoka kijijini kwenu. Ni ipi ikikosekana kwa siku moja huleta madhara makubwa zaidi, na kwa nani?

Majibu ya swali la nne yakiandikwa na kuwasilishwa kwa mwakilishi wadi kabla ya Septemba, yatakuwa hatua ya kwanza ya kuandika wajibu wa huduma. Huanza kwa jamii kutaja ni safari ipi haiwezi kukosekana.